Mwalimu Maoni, na Sahihisho Aliloagiza Lisomwe

Ndugu, majirani na walimu mliofundisha na marehemu, mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, kwa kuwa tarehe za nyumba yetu ninazitunza mimi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 2 Machi 1960, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema tarehe 3, lakini kadi ya kliniki ya mama inasema tarehe 2, na familia inafuata kadi, kwa sababu mama alikuwapo na karani hakuwapo.

Alianza shule ya msingi Januari 1967, akamaliza sekondari Novemba 1978, akakaa nyumbani miaka miwili akimuuguza baba, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1981, na tarehe 10 Januari 1983 akaanza kufundisha Kiswahili katika shule ile ile aliyosoma, ambako alibaki miaka thelathini na saba, hata walimu wakuu tisa wakaja na kuondoka wakimwacha kwenye kiti kile kile cha karibu na dirisha.

Wengi wenu hapa mnamfahamu kwa jina la Mwalimu Maoni, na vijana wasiojua asili yake nawaeleza. Daftari la maandalio ya masomo lina nafasi chini ya kila ukurasa iliyoandikwa Maoni, ambapo mwalimu huandika kwamba somo limeeleweka au halikueleweka, basi. Dada aliandika hilo kwa mstari mmoja, na nafasi iliyobaki akaandika alichokiona siku hiyo. Tarehe 5 Mei 1994 aliandika kwamba wanafunzi kumi na wanane wamekuja na soksi nyeupe za kufika magotini, wiki iliyopita walikuwa wanne, na vivumishi vimeeleweka. Mwaka 2006 aliandika kwamba wasichana watano wana simu moja na mwenye simu ndiye anayekaa katikati, ilhali zamani aliyekaa katikati ni mwenye kamusi. Mwaka 2015 aliandika kwamba aliwauliza darasa zima wanataka kuwa nani, thelathini na mmoja wakajibu bosi, na hakuna aliyejua bosi wa nini. Mkaguzi mmoja alimwandikia kwa wino mwekundu, "Maoni ni ya somo, si ya soksi," naye akajibu chini yake, "Siku hiyo somo lilivaa soksi." Wanafunzi wakawa wanatishana uwanjani, "Chomekea shati wewe, utaingia Maoni!"

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984 na karani wa posta, mtu mpole, ambaye alitutoka tarehe 9 Agosti 2004. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni nesi, aliyezaliwa mwaka 1985, wa pili ni dereva wa lori, aliyezaliwa mwaka 1987, na kitinda mimba ni fundi cherehani, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1990, ambaye ameketi pale karibu na mlango.

Hapa nafika mahali ambapo jana jioni, jikoni, nesi wetu aliniambia, "Mama mdogo, hiyo karatasi aliyoiacha mama iruke, watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza ya ndani kwetu." Nilimjibu kwamba ya ndani yalisemwa nje, na marehemu alishika kanuni moja, kwamba kosa lililoandikwa ubaoni husahihishwa ubaoni.

Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009, katika mkutano wa wazazi, ukumbi umejaa, dada alisimama akasema, "Kuna binti ameacha chuo cha ualimu, eti anabana suruali za mitumba kwenye baraza la watu. Hiyo si kazi, ni homa, na homa hupoa." Watu wakacheka, nami nilicheka. Hakumtaja binti, lakini binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameleta miwani ambayo mama yake aliisahau nyumbani. Aliiweka mezani akatoka, na mwezi uliofuata akahamia chumba cha kupanga nyuma ya soko la nguo. Tangu hapo waliamkiana, waliuguzana, walikula meza moja, lakini neno kazi halikupita tena baina yao.

Dada alistaafu tarehe 2 Machi 2020. Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akafariki, akiwa na miaka sitini na minne.

Shukrani naziweka hapa, kwa sababu aliagiza kwamba baada ya sahihisho lake nisiongeze neno ila la kumuaga. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuachia nyumba zao kwa ajili ya wageni, walimu wenzake waliobeba jeneza, na wanafunzi wake wa miaka yote, waliochomekea na wasiochomekea.

Ameandika hivi, kwa mkono wake, tarehe 20 Aprili mwaka huu.

"Maoni. Nilisema kwamba ni homa. Mwanangu, unakumbuka mwaka 2017 nilipokuja dukani kwako na mkoba wenye zipu mbovu? Zipu ilikuwa nzima, niliivunja mwenyewe nyumbani kwa koleo, nipate sababu ya kuja. Nilikaa kwenye benchi la wateja dakika arobaini. Ulishona suruali ya kijana mmoja, ukafumua mshono, ukashona, ukafumua tena, mara tatu, na yule kijana akakuambia, 'Fundi, mbona iko poa tu?' ukamwambia, 'Iko poa kwako.' Miaka thelathini na saba nimewaomba wanafunzi waitendee insha hivyo, na waliofanya hawafiki kumi. Nilitaka kukuambia siku ile ile, nikaona haya mbele ya wateja, ingawa mimi sikuona haya mbele ya wazazi. Hiyo ni kazi. Nilikupa sifuri watu wakisikia, sasa wasikie nikiifuta. Limesahihishwa na mimi, mama yako."

Lala kwa amani, dada. Limesomwa, naye amesikia.