Tulifagia Ufuo Mzima

Kahawa yangu huiva saa kumi na mbili asubuhi, na benchi langu hujaa kabla haijaiva, maana watu wa hapa kwa kungojea hawana mpinzani. Benchi lenyewe ni gogo lililoletwa na Mto Motagua mwaka wa kimbunga. Huo mto unatoka Guatemala, unapita miji mingi ya bara ukikusanya inachotupa, kisha unakuja kutapika kwetu, pwani ya Honduras. Walokaa asubuhi hiyo ni watatu. Pweza, mzamiaji wa kamba-koche aliyestaafu. Mbunge, ambaye aligombea mara moja na hata mkewe hakumpa kura. Na Doña Chayo, yaani Bi Chayo, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mimi ni Nila, namimina na kugomba. Saa nne mameya wa bara walikuwa wanakuja kukaa na mameya wetu, watie saini mkataba wa kutega nyavu mtoni, taka zizuiliwe huko huko juu kabla hazijafika baharini.

REDIO: Watasaini. Nimeota mbuzi mweupe.

MBUNGE: Mbuzi mweupe ni harusi, Doña Chayo, si mkataba. Hawa hawasaini bure. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Zile chupa zinaelea, sivyo? Basi zimeundwa! Kuna mtu ofisini anazipanga.

MIMI: Azipange ili iweje?

MBUNGE: Mpaka! Taka zao zikijaa hapa, watakuja na kamba ya kupimia, waseme hii ardhi imetokana na vitu vyetu, ni yetu.

REDIO: Wewe nawe! Mimi nimesikia wanapima mwendo wa maji. Wanatupa kiatu kimoja kule, kingine wanabaki nacho. Ndiyo maana hatujawahi kupata pea.

MBUNGE: Ala! Hilo kweli. Miaka yote hii, sijaokota pea.

PWEZA: Nila, niongeze.

Nikamwongeza. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameukazia macho ufuo, na sikumlaumu, hata mimi nilikuwa naukodolea. Siku tatu kijiji kizima tulishika reki. Tuliokota mabomba ya sindano, vichwa vya wanasesere, madaftari yenye majina ya watoto tusiowajua, tukajaza trekta mara kumi na tisa, tukaenda kufukia nyuma ya makaburi. Pweza ndiye aliyetusimamia, na mgongo wake ule mbovu. Sasa mchanga ulikuwa umelala mtupu mpaka kwenye mdomo wa mto. Nilikuwa nimesahau kwamba una rangi ya ganda la yai.

PWEZA: Arely alijifunzia kuogelea pale.

Arely ni binti yake, yuko Hispania anatunza wazee wa watu. Mara ya mwisho alikuja na mwanawe wa kike, mtoto akakanyaga sindano siku ya kwanza tu. Kesho yake wakapanda basi. Alimwambia baba yake, nitarudi ufuo ukipona. Huu ni mwaka wa nne.

REDIO: Wakisaini, Don Pweza, atakuja.

PWEZA: Wakisaini. Nimemkumbuka mpaka najiona mjinga.

MBUNGE: Usijali, mzee. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hizo taka zina miaka hapa, kosa letu ni kutozipa jembe.

MIMI: Mbunge, kunywa kahawa yako.

Hapo ndipo gari dogo la ofisi lilipofika, akashuka msichana mwenye kamera shingoni na viatu vya milimani. Akajitambulisha kwa adabu: Yadira, wa ofisi ya meya mmoja huko bara, amewatangulia wakubwa zake. Nikampa kahawa na mkate wa nazi. Hakuugusa. Alikuwa anatazama maji.

YADIRA: Nisameheni. Sijawahi kuiona bahari.

REDIO: Kunywa, binti. Haiendi popote.

YADIRA: Ni nzuri, jamani! Sasa, Doña, nina haraka kidogo. Mameya wetu wanasema watu wa pwani mnatia chumvi. Nimetumwa nipige picha za kuwaonyesha mezani. Wasipoona, hawatasaini. Hizo taka ziko wapi?

Mbunge akachungulia ndani ya kikombe. Redio akazimika, mara ya kwanza katika miaka thelathini niliyomjua.

MIMI: Tumezifukia.

YADIRA: Kwa nini?

MIMI: Si mlikuwa mnakuja!

Akanitazama kama niliyesema Kichina. Ningemwelezaje? Kwetu padri akija tunafagia mpaka chini ya mguu wa meza. Mgeni haingii uani akakuta uchafu, hata kama uchafu ni wake. Hatukuwaza zaidi ya hapo, kijiji kizima, wenye akili na wasio nazo. Nilitamani kulia, nikaishia kulipangusa birika.

MBUNGE: Trekta! Makaburini si mbali. Tukifukua sasa hivi, saa nne haijafika tumeshamwaga mizigo mitano hapa mbele.

REDIO: Tumwage wenyewe?

Hakuna aliyeinuka. Wote tulimgeukia Pweza. Alikuwa ameshasimama, kofia mkononi, ametupa mgongo.

PWEZA: Binti, piga picha.

YADIRA: Lakini mzee, hapa hakuna kitu cha kupiga.

PWEZA: Piga hivyo hivyo, upate na maji. Nataka nimtumie Arely.

Yadira akapiga. Akapiga tena, bila kuambiwa.

PWEZA: Haya. Kaleteni trekta.