Betri Tatu za Nangara, Tatu za Singe: Tunamuaga Mzee Damasi

Tarehe 30 Juni 1989 Mzee Damasi Tluway, mtunza ukumbi wa jamii wa mji wetu wa Babati, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kuutumikia ukumbi huo kwa miaka ishirini na saba na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja ameniagiza mwenyewe nizitaje. Anasema alizifagia kama zilivyofagiwa nyingine, kwa hiyo zisiachwe nje.

Mimi ninayeandika ni karani wa mashine ya chapa, na dirisha langu linatazamana na mlango wa ukumbi. Mengi ya haya nimeyaona bila kuomba. Nimepewa kurasa mbili za stensili, na wote mnajua karatasi zilivyo adimu, kwa hiyo nitaruka mengine ili nilifikie lile ambalo mji mzima unalisema kila anapotajwa mzee huyu.

Alizaliwa Dareda mwaka 1934. Aliingia kazini Juni 1962 kama mfagiaji, akiwa na ufagio wa miti na barua ya katekista. Miaka mitano baadaye alikabidhiwa jenereta, na baada ya hapo funguo zote. Ameandaa viti vya harusi nyingi kuliko padri yeyote aliyepita hapa, na hakuwahi kukubali mtu aingie ukumbini na matope. Awe bwana harusi, awe mgeni rasmi, kila mtu alifuta viatu kwenye gunia lililotandikwa mlangoni, na Mzee Damasi alisimama pembeni kuhakikisha. Siku moja mheshimiwa mmoja alilivuka gunia hilo akiendelea kuzungumza. Alirudishwa kwa heshima zote, akafuta viatu, akaendelea na hotuba yake palepale alipoiachia.

Ulipokuja wakati huu mgumu wa kukosa kila kitu, dizeli ikapotea na jenereta likanyamaza. Mzee Damasi hakulisusa. Kila Ijumaa kwa miaka minane alilifuta vumbi na kuuzungusha mpini wake mara tatu, ili lisisahau kazi. Tulimcheka sana, tunakiri. Dizeli ilipopatikana siku ya mwenge lilinguruma kwa mara ya kwanza tu alipouzungusha mpini, na tuliocheka tukaenda kukaa viti vya nyuma.

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe.

Mwaka 1987 vijana wa hapa walianza muziki wanaouita hip-hop. Mmoja anasema maneno kwa kufuata mdundo, wenzake wanazunguka sakafuni kwa migongo. Wazee wengi waliona ni wazimu. Mzee Damasi alipowaona mara ya kwanza alifurahi kabisa, kwa sababu walipoondoka sakafu ilikuwa inang'aa.

Kulikuwa na makundi mawili, kila moja la mtaa wake hapa mjini. La Nangara liliongozwa na Sylvesta, fundi baiskeli, ambaye kaka yake, utingo wa lori, alimletea kanda moja kutoka Dar es Salaam. Hiyo ndiyo ilikuwa kanda pekee ya hip-hop mjini. Sylvesta aliikariri yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, ingawa maana aliijua kidogo tu. Kundi la Singe liliongozwa na Hilaria, binti anayeshona nguo sokoni na mama yake. Yeye alitaka waseme kwa Kiswahili mambo wanayoyaona wenyewe: foleni ya sukari, sabuni ya magadi, gari la abiria lililokwama kwenye matope siku mbili. Nangara wakasema Kiswahili hakikai kwenye mdundo ule. Singe wakasema Nangara ni kasuku. Kila Jumamosi mchana walikutana ukumbini wakagombea redio kaseti, hadi Jumamosi moja ya Machi 1988 maneno yakawaishia, wakashikana. Benchi lilivunjika, na vioo viwili vya dirisha pia. Enzi hizi kioo hakipatikani hata kwa kuomba. Mpaka leo mahali pale pana bati la debe.

Kamati ya ukumbi iliketi Jumatatu. Mwenyekiti, Mzee Paskasi, ni mtu wa haki, lakini alikuwa amechoka, akapendekeza vijana wafungiwe ukumbi moja kwa moja. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa naandika muhtasari, na kalamu ilishafika kwenye neno "imeamuliwa", ndipo Mzee Damasi, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuleta maji ya kunywa, akaomba kusema.

"Mkiwanyang'anya ukumbi hawataacha kugombana," alisema. "Wataacha tu kugombana mbele yangu."

Kisha akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake kwamba wakipigana tena, ndani au wakiwa safarini kwa jina la ukumbi, atarudisha funguo siku hiyohiyo na kuondoka kazini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu astaafu kwa heshima. Niliisaini ile karatasi kama shahidi, na nilimwambia waziwazi kuwa amefanya upumbavu. Alinijibu kwamba inawezekana.

Hapo ndipo alipoleta utaratibu wake wa betri. Redio kaseti ya ukumbi inakula betri kubwa sita. Mzee Damasi alikuwa na betri sita za mgao, ambazo kwa haki zilikuwa za kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake si dogo. Alimpa Sylvesta tatu na Hilaria tatu. Wakatunze nyumbani. Wakija wote, redio itaimba. Likija kundi moja, litakaa na redio bubu.

Nangara walisusa wiki ya kwanza, na ya pili pia. Singe walikuja na betri zao tatu, wakaitazama redio, wakaanza kupiga makofi. Mzee Damasi aliendelea kufagia, ila nilimsikia akiwaeleza kuwa kwao Dareda wazee wanapobariki mkutano mmoja hutamka na umati mzima huitikia pamoja, na hajawahi kuona mzee akiomba betri. Hilaria alilishika hilo. Kwa Jumamosi mbili walifanya kazi bila chombo chochote, mmoja anasema na wengine wanaitikia. Jumamosi ya tatu Sylvesta alitokea, betri zikitutumka mfukoni, kwa kuwa kanda bila redio ni plastiki tu. Hakuomba radhi. Aliingiza betri zake, Hilaria akaingiza zake, wakaketi kila kundi upande wake wakisikiliza. Hawakupendana. Walivumiliana, na kwa wakati ule ilitosha.

Betri zilipochoka hazikutupwa. Kila kundi lilianika zake juu ya bati, zikapata joto, zikafufuka kidogo. Ziliendelea kufufuka hivyo mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi kidogo kuliko mwezi uliopita. Hilo likumbukeni.

Novemba 1988 lilitangazwa shindano la vijana Arusha, kila wilaya ilete kundi moja. Moja tu. Nangara na Singe wakaanza upya. Mzee Damasi alikataa kuchagua, akaandika kwenye fomu "Babati", basi. Wakakubaliana kwa shingo upande: wimbo wa kwanza ni wa Nangara na kanda yao, wa pili wa Singe. Walipanda lori la mahindi, Nangara mbele, Singe nyuma, na katikati wakakaa Mzee Damasi na mimi, niliyetumwa kubeba fomu. Kutoka hapa hadi Arusha sikusikia neno likivuka magunia yale.

Ukumbi wa Arusha ulikuwa na umeme wa ukutani. Sylvesta alipanda jukwaani amevaa miwani ya kuazima, akaiweka kanda kwenye mashine yao, akainua mkono. Muziki ukatoka mbio. Yule mwimbaji tuliyemzoea kwa miezi mingi kwa sauti nzito na ya pole, kama ya mzee wa kanisa, kumbe ni kijana mwenye sauti nyembamba anayekimbiza maneno kama anafukuzwa na nyuki. Betri zetu za kuanikwa zilikuwa zikiivuta kanda polepole zaidi kila mwezi, na mjini hakuna aliyeukumbuka tena mwendo wake halisi. Sylvesta aliujua wimbo wote, lakini aliujua kwa mwendo wa Babati. Alishika mstari wa kwanza, wa pili ukampita, wa tatu hakuuona kabisa. Watu wakacheka. Wenzake waliokuwa wanazunguka kwa migongo wakagongana.

Nilimtazama Mzee Damasi. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na najua alikuwa anaifikiria ile karatasi, kwa sababu mimi nilikuwa naifikiria. Singe walikuwa wamesimama pembeni ya jukwaa. Walichotakiwa kufanya ili washinde ubishi wa miaka miwili ni kunyamaza. Kijana mmoja wao alishaanza kucheka, na mmoja wa Nangara alishakunja ngumi kumfuata.

Hilaria alipanda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaizima. Sylvesta akamtazama kama mtu anayesubiri kumalizwa. Hilaria akaanza kupiga makofi, polepole, kwa mwendo ule tulioujua wote.

"Anza tena," alimwambia. "Mimi nitakuitikia."

Sylvesta akavua miwani, akaanza. Alisema mstari wake wa Kiingereza, Singe wakaitikia kwa Kiswahili, habari ya foleni na debe na gari kwenye matope. Mstari wa nne Sylvesta akaacha Kiingereza mwenyewe, akatunga hapohapo habari ya fundi baiskeli aliyesafiri na mwimbaji mpole akafika na mwimbaji mwenye haraka. Sasa watu walicheka naye. Kufikia mwisho ukumbi wote wa Arusha ulikuwa unaitikia. Mzee Damasi alikuwa analia bila kujificha, na mimi nilimsaidia.

Tulipata nafasi ya tatu katika makundi tisa. Zawadi ilikuwa katoni ya sabuni za mche. Kwenye lori walizikata kwa waya, nusu Nangara na nusu Singe, na sikuweza tena kujua nani amekaa mbele na nani nyuma. Kina mama waliokuwa wakiulaani muziki huo walipoona sabuni, walikiri kwamba una manufaa yake. Na Mzee Damasi alikiri mbele ya kamati kuwa kosa la mwendo lilikuwa lake: aliisikia kanda ile siku zote, na alidhani hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyozungumza.

Msidhani ubishi umekwisha. Wanabishana kila Jumamosi kama ni Kiingereza au Kiswahili, kama ni mbio au polepole, na sasa vijana wa Mutuka nao wameingia na ubishi wao. Ila wanabishana wakiwa wamekaa duara moja, na tangu Machi ya mwaka jana hakuna benchi lililovunjika. Ile karatasi niliyoisaini, Mzee Paskasi aliitoa kwenye faili mwezi uliopita, akamrudishia mwenyewe mkononi. Mzee Damasi akaenda kuiwashia moto wa chai.

Likabaki swali moja lililotunyima raha. Ajira mpya hazijaruhusiwa, kwa hiyo mtunza ukumbi mwingine hatapatikana karibuni, na kamati ilikuwa inaelekea kuufunga ukumbi mpaka apatikane. Mzee Damasi akaomba tena kusema. Alishauri mlango uwekwe kufuli mbili: ufunguo wa moja akae nao Sylvesta, wa nyingine Hilaria. Wakipatana utafunguka. Wasipopatana utakuwa umefungwa, na kamati itakuwa imepata ilichotaka. Mzee Paskasi akasema nyumbani kwake ana kufuli isiyo na kazi.

Jana asubuhi Mzee Damasi alikuja saa moja na nusu na ufagio wake kama kawaida, akaingiza mkono mfukoni, akakumbuka kuwa funguo alishazikabidhi. Akaketi kwenye ngazi. Nilitaka kutoka nimpe kiti, lakini Hilaria alikuwa ameshafika. Alimwamkia, akafungua kufuli yake, kisha akaketi naye wakamsubiri Sylvesta, aliyekuja na mikono ya grisi akafungua ya pili. Mlango ukafunguka. Mzee akainuka, akauchukua ufagio wake na kuvuka kizingiti alichokivuka kwa miaka ishirini na saba.

"Mzee," Hilaria alisema kwa upole, akionyesha gunia. "Viatu."

Alirudi nyuma, akafuta mguu wa kulia, akafuta wa kushoto. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

Mzee Damasi, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila kiti ulichopanga na kila Ijumaa uliyozungusha mpini. Wewe na mkeo Mama Tadeo, tunawaombea heri shambani kwenu Mutuka, mvua zije kwa wakati wake, mahindi yazae na maharage yasishikwe na wadudu. Betri zako sita bado zinaanikwa juu ya bati. Ukija mjini pita ukumbini, utafunguliwa. Ila uje siku ambayo wote wawili wapo.