Bi Foleni na Hataza Aliyoipoteza Mahakamani

Wasikilizaji wapendwa, sogeza kiti, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeshindwa kesi, na tunamkumbuka kwa namna alivyoshindwa. Wenzake walimwita Bi Foleni. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Alikuwa mhandisi katika kampuni ya simu. Alishinda kwenye chumba cha mitambo, feni zikivuma, sweta mabegani hata siku za joto kali. Mcheshi, lakini akishika jambo, ameshika.

Dada yake mkubwa ni kiziwi. Kwa hao wawili, meseji ndiyo ilikuwa sauti. Na mtandao ulikuwa wa kusuasua. Siku moja Bi Foleni alituma "Nakuja." Mara akapata dharura, akatuma "Siji tena." Ya pili ikafika kwanza, ya kwanza ikafuata. Dada mtu akasimama kituoni kwenye mvua mpaka akalowa chapachapa. Wakanuniana. Ndipo Bi Foleni alipoapa kuzitia meseji adabu: zipange foleni, ya nyuma iisubiri ya mbele.

Akafanikiwa. Akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila idhini. Haukupita muda, kampuni kubwa ya huduma za ujumbe ikaanza kutumia mbinu ileile, bila hodi. Akaishtaki. Kampuni ikajibu kwamba hataza yenyewe si halali. Ilidai kuwa mbinu ile ilielezwa hadharani kabla hajaiombea hataza, na sheria hairuhusu hilo.

Na kweli aliieleza. Kabla ya kuomba hataza, aliipeleka kwenye darasa la jioni la watu wazima viziwi, alikosoma dada yake. Alichora ubaoni, mkalimani akifuatisha kwa mikono.

Wakili wake aliona mwanya. Akamshauri aseme kwamba wanafunzi wale waliona michoro tu, hawakuelewa kitu. Wasioelewa, hawajafichuliwa siri. Mumewe naye akamsihi, akisema ni sentensi moja tu. Asubuhi ya kesi chai ilimshinda Bi Foleni, akaiacha ikapoa mezani.

Mahakamani dada yake aliketi safu ya mbele, macho kwenye mikono ya mkalimani. Wakili wa kampuni akauliza: watu wa darasa lile walielewa?

"Walielewa," akasema Bi Foleni. "Mshonaji mmoja aliniuliza, ya mbele ikipotea kabisa, ya nyuma itasubiri mpaka lini? Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani kulitafuta."

Jaji alisema kampuni ilitumia mbinu ya Bi Foleni, hilo halina ubishi. Lakini hataza ni batili. Narudia, wasikilizaji: mbinu ilikuwa yake, hataza ikafutwa. Na hataza ikifutwa, hakuna aliyeivunja.

Tusimpambe, aliumia. Mumewe anatuambia: "Alilia ndani ya gari. Mimi nilikuwa na hasira, nikaendesha tu. Baadaye nikamuuliza kama anajuta. Akasema, 'Najuta sana. Lakini ningemtazamaje dada?'"

Aliendelea kufundisha darasa lile la jioni mpaka nguvu zilipomwishia.

Dada yake alizungumza nasi kupitia mkalimani. Alisema hivi: "Maisha yangu yote watu wamesema mbele yangu kwamba sielewi. Walisema bure, bila kupata chochote. Mdogo wangu angepata kila kitu kwa kusema hivyo, na hakusema."

Tunawapa pole mume, dada, wanafunzi na wote waliompenda. Mungu awatie nguvu, naye apumzike kwa amani.

Na wewe unayetusikiliza, pengine uko jikoni, pengine uko kazini. Karibu yako yupo mtu ambaye kila siku husemewa kwamba haelewi. Leo, muulize yeye mwenyewe anaonaje. Mpe nafasi ajibu.