Miguu Mitupu Chini ya Mkuyu

Bwana asifiwe, kanisa. Ai, mnaitika kama watu wamefunga siku tatu! Bwana asifiwe. Haya, sasa mmeamka.

Mnanijua, mimi ndiye ile mama ya mdomo. Miaka mingi nilipika kwa hoteli kule Mtito Andei, na kulisha madereva wa lori si kazi ya mtu mpole. Bwana yangu alipofariki niliacha kazi nikarudi hapa nyumbani, mimi na msichana wangu mmoja.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mlinilemea. Mlikuja kwa upendo, najua. Lakini kutoka asubuhi mpaka jioni ni, "Pole mama, jikaze, kuna mwenzako alizika wawili." Wawili! Nikaanza kuwachukia. Siku moja nilifukuza mama mmoja na chai yake mkononi. Sitamtaja, anacheka hapo nyuma. Mkiisha kwenda, hasira yote ikawa inamwangukia mtoto. Chumvi ikizidi, ni matusi. Mlango ukiachwa wazi, ni matusi. Mwisho akafunga nguo zake akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, naenda kwa shangazi Makindu. Hapa siwezi kupumua." Mama mzazi, na sikumwambia hata safari njema.

Kesho yake nikaenda kutafuta kuni kwa ule msitu wa mlimani. Patipati ikakatika njiani, nikaitia kwa kiondo nikatembea miguu mitupu mpaka kwa ule mkuyu mkubwa. Nikakaa chini. Hakuna mtu wa kuniambia pole. Ni upepo tu, na ndege, na kivuli. Kabla nijue, nalia. Nililia mpaka nikasikia njaa! Nikatoa muthokoi yangu, yale mahindi ya kukoboa, nikala, ile ilibaki nikamwagia ndege hapo chini. Siku hiyo nililala vizuri, kwa hivyo nikarudi tena, na tena. Viatu nikawa naviacha nyumbani, maana ile ardhi ilikuwa inanipoza.

Nyinyi wenye umri mmeshaona shida iko wapi. Mkuyu ule ulikuwa ithembo, pahali wazee wa zamani walitolea sadaka. Na huko mtu alikuwa anavua viatu, anaweka chakula chini. Nani alikumbuka? Si mimi. Lakini mtu alinichungulia, na kufika Jumapili kanisa yote ilijua mjane amerudia mizimu.

Wazee wa kanisa wakaniita. Mmoja akaniuliza, "Mama, unamlisha nani huko?"

"Ndege, mzee, wale hondohondo. Na wewe ukikuja nitakulisha."

Mdomo huo, nisameheni. Lakini alikuja, yeye na mwenyekiti wa akina mama. Nikawaketisha pale chini nikawaambia, "Hapa hakuna kusema pole. Hakuna kusema kitu." Mzee akataka kuanza maombi, nikamwangalia, akanyamaza. Tukakaa hivyo kwa muda mrefu. Halafu nikasikia kama mtu anakohoa, kumbe ni mzee analia. Alikuwa amezika kijana wake, na sisi sote tulimsifu vile alijikaza. Ameniruhusu niseme. Alilia machozi ikaingia kwa ndevu, na hatukumgusa. Ndugu zangu, nikajua Mungu ako hapo, na ile hasira ikaniachilia.

Niliposhuka nilimpigia msichana wangu simu. Nikasema, "Nisamehe." Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze, si nilikuwa nimeshajifunza? Kisha akaniuliza, "Mwaitu, umekula?" Jumamosi alikuwa nyumbani.

Namshukuru mzee, aliyesimama mbele ya wenzake akasema, "Nimeenda, nimeona, mama huyu hana mizimu." Namshukuru mwenyekiti, aliyeshuka mlima na miiba imejaa kwa leso na hakutangaza kile aliona. Namshukuru hata yule aliyenichungulia. Bila yeye ningebaki kule peke yangu.

Somo langu ni hili. Mwenzako akifiwa, nenda. Chota maji, fagia uwanja, peleka unga. Ile "jikaze" yako iache nyumbani. Na wewe ambaye hujawahi kulia, unajijua, usiogope. Alhamisi napanda mlimani kutafuta kuni. Kuja tu, sitakuuliza kitu.