Mama Bado na Sahani za Buluu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya jenetiki anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye jalada la utumishi. Sisi wengine tunamwita Mama Bado, na hata barua kutoka nje huja na jina hilo, nazo hufika.

Alianzia ghorofa ya chini, chumba cha kuoshea vyombo, akisugua chupa na mirija. Baada ya miaka miwili alipandishwa juu kupika chakula cha bakteria, na hapo ndipo aliposhika usukani. Alisomea cheti, kisha stashahada, huku akilea watoto watatu. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyetushonea makoti ya maabara, ndiyo maana yana mfuko wa ndani ambao hakuna aliyeuomba.

Jina lilitokana na neno lake. Mwanafunzi akimkimbilia na matokeo, yeye huuliza amerudia mara ngapi. Mara moja? Bado. Mara mbili? Bado. Mumewe ametuthibitishia kwamba naye alipomposa alijibiwa hivyo hivyo, akasubiri miaka miwili.

Maabara yetu huchunguza protini zinazozuia jeni zisisomwe, na hakuna aliyewaeleza wageni jambo hili vizuri kama yeye. Huanza kwa kusema kwamba seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kile kile cha maagizo. Tofauti yao ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Kisha huweka kigoda katikati ya mlango wa stoo, hukaa, na kuwaambia watoto wa shule wapite. Hawapiti. Yeye ni protini ya kuzuia, na stoo ni jeni ambayo bakteria huitumia kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Kama sukari haipo, kimeng'enya cha nini? Lakini mtoto akimpa peremende, Mama Bado huinuka na kigoda chake, na mlango huwa wazi: sukari imemshika, umbo limebadilika, ameachia. Mkurugenzi mmoja aliwahi kujaribu kupita mikono mitupu. Alirudi ofisini kwake, akatuma peremende.

Sasa lipo jambo ambalo si kawaida kuandikwa kwenye wasifu wa mstaafu, na naomba radhi kwa kuliingiza.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu hapa hapa, nikitafuta bakteria ambao protini yao ya kuzuia imeharibika. Kwenye chakula chao tulitia kemikali inayogeuka buluu jeni ile inapofanya kazi. Jeni ikizuiwa, bakteria hubaki weupe. Alhamisi moja sahani zangu zote zilikuwa buluu, ilhali za bakteria wa kawaida, za kulinganishia, zilikuwa nyeupe. Nilimpigia mama yangu simu kumwambia mwanawe amegundua kitu. Profesa wangu alitaka tutume matokeo kwenye mkutano mkubwa kesho yake, siku ya mwisho ya kupokelewa.

Mama Bado alizitazama sahani, akasema bado, akazifungia kwenye jokofu na kwenda nyumbani na ufunguo. Nilipandwa na hasira. Niliandika barua ya malalamiko nikamwita, Mungu anisamehe, mtumishi anayekwamisha sayansi. Ijumaa mchana akapewa onyo la maandishi. Alilipokea, akalikunja, akalitia kwenye ule mfuko wa ndani. Ufunguo hakuutoa, na siku ya mwisho ikapita.

Jumatatu asubuhi aliniita. Alikuwa amewaotesha bakteria wangu upya, kwenye chakula alichokipika mwenyewe. Sahani zote zilikuwa nyeupe pe. Kisha akanionyesha kijiko. Safari ile nilikuwa nimejidai kupika chakula mwenyewe, nikachota unga kwa kijiko nilichotoka kuchotea maziwa ya unga tunayotumia kwenye kipimo kingine. Chembe zile za maziwa zilitosha. Sukari iliingia, protini ikaachia kama ilivyoumbwa kuachia, na bakteria wazima kabisa wakageuka buluu. Sahani za kulinganishia zilibaki nyeupe kwa sababu chakula chake kilikuwa kimepikwa na Mama Bado.

Aliniambia, "Mwanangu, kaoshe kijiko. Mengine yameisha." Hakumwambia mtu mwingine. Kwenye tasnifu yangu nililieleza kosa lile kana kwamba niliyelifichua ni mimi, watahini wakasifu umakini wangu, nami nikaitikia asante. Leo ninaongoza maabara hii. Onyo lake lilibaki kwenye jalada miaka yote hiyo, na mara mbili lilimchelewesha kupanda cheo. Nilijua, nikanyamaza. Naona aibu kuandika hivyo.

Mwezi uliopita nilipeleka ofisi ya utumishi barua ya kufuta ile ya kwanza, yenye habari yote ya kijiko. Karani akasema onyo haliwezi kuondolewa bila saini ya mwenye jalada. Tukakutana ofisini kwangu, mimi, karani na Mama Bado, pamoja na mumewe aliyekuja kumchukua. Mama Bado alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili polepole, akasahihisha tarehe niliyoikosea. Sote tulikuwa tukilisubiri lile neno lake. Akaniangalia kidogo, akaomba kalamu.

Mama, asante kwa kila sahani uliyotuzuia kuitangaza. Nenda ukakae na mumeo, ambaye naye amesubiri vya kutosha. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zisizo na haraka. Kijiko nimekiosha.