Lambert Barraclough, Aliyeogopa Kuimba

Ndugu zetu mliofika, majirani wa Heptonstall na wanakwaya wa pande zote mbili za bonde, haya ndiyo maisha ya Lambert Barraclough, yanasomwa na shemeji yake kwa niaba ya familia, na tunayasoma polepole kwa makusudi, maana tukimaliza kinanda hakitapigwa, marehemu mwenyewe alikataza, na binti yake Hilary ndiye atakayeanzisha wimbo peke yake, na kila anayemwona alivyokaa pale mbele, mikono imekwama magotini, anajua hana haraka tumalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa hapa kijijini Heptonstall, mtoto wa pili wa Harold, mfumaji kiwandani, na Edith, mwimbaji wa sauti ya pili, katika bonde ambalo hadi leo asiyeimba huonewa huruma kama aliyekosa mguu. Alianza shule Septemba 1936, na mwaka 1938, wakijiandaa kwa mashindano ya kwaya, mwalimu alipita kati ya madawati akitega sikio kwenye mdomo wa kila mtoto, akafika kwake, akamgonga begani na kumwambia, "Wewe Lambert uwe unafungua mdomo tu, sauti iache nyumbani." Basi akawa anafungua mdomo tu, shuleni na kanisani pia, amesimama ubavuni mwa mama yake huku jasho likimtoka, akiomba mama asitege sikio, na Edith, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akimsifu mwanawe kwa sauti nzuri.

Mwaka 1942 alipata nafasi ya sekondari Halifax, kisha kuanzia Oktoba 1949 hadi Juni 1952 akasoma muziki Chuo Kikuu cha Leeds, akawa mwalimu, na siku za mapumziko alipanda na kushuka vilima hivi kukusanya tenzi za zamani za wafumaji, wazee wakiimba yeye akiandika, mpaka kitabu chake kilipotoka mwaka 1963 wasomi wakamwita bingwa, na hakuna hata mzee mmoja kati ya wale aliyewahi kumsikia akiimba.

Mwaka 1966 akawa mkaguzi wa muziki wa shule, na hapo ndipo alipowasha moto, akataka ipitishwe kanuni kwamba mtoto yeyote asinyamazishwe wakati wa kuimba, walimu wakuu wakanung'unika kwamba vikombe vyote vya mashindano vitakwenda kwa wapinzani wetu wa Huddersfield, na mmoja akasimama kikaoni akasema, "Bwana Barraclough, hebu tuimbie wewe kwanza." Watu walicheka, yeye akachukua kofia akatoka, na kanuni ikapita mwaka 1968 mwenyewe hayumo chumbani.

Alifunga ndoa na Winifred Helliwell tarehe 16 Juni 1956, na wimbo ulipoimbwa kanisani bibi harusi, akiwa amemshika mkono, alisikia wazi kwamba mumewe hatoi hata mlio, akavumilia mpaka nyumbani ndipo akamuuliza, "Lambert, nimeolewa na bubu?" naye akamweleza yote, wakacheka, halafu Lambert akalia, akamsihi asimwambie mtu. Walijaliwa mtoto mmoja, Hilary, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1959, ambaye hakuimbiwa na baba hata siku moja, alipigiwa piano sebuleni mlango ukiwa wazi mpaka alale.

Asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2008, akipaka mkate siagi, kiharusi kilimwangusha, kikachukua mkono wa kulia na usemi wote, akawa anaelewa kila kitu na hawezi kuomba hata maji. Mtaalamu wa usemi, Bi. Pauline Sugden, alitueleza kwamba wako wagonjwa wa namna hiyo wasioweza kusema lakini wanaweza kuimba maneno, akamsihi ajaribu, na jamani, hatujawahi kuona macho yenye hofu kama yale, mzee wa miaka sabini na saba aligeukia ukutani, akakataa majira yote ya baridi, nasi tukaogopa kwamba atakufa na maneno yake tumboni.

Jumapili moja ya Februari maumivu yalimzidi, anajikunja, hatujui ni wapi, Winifred akajifuta machozi akamwimbia kwa tuni ya kanisani, "Wapi panauma, mume wangu?" na Lambert, akitetemeka na kitanda chake, akaimba, "Ubavuni, Winnie." Hatutawadanganya, sauti ilikuwa mbaya, muuguzi alichungulia kuona nini kimeanguka, lakini daktari aliitwa, dawa ikapatikana, na tangu hapo aliimba kila kitu, chai iongezwe sukari, paka atolewe kitini, na kila mara alitetemeka kwanza, hofu haikumwacha, aliimba nayo hivyo hivyo.

Alifariki nyumbani tarehe 22 Mei 2009, kwa kiharusi cha pili. Siku chache kabla aliimba agizo lake, kwamba Hilary ndiye aanzishe wimbo, na ndipo Hilary alipomwangukia mama yake akasema hajawahi kuimba kanisani maishani mwake, hakuna mwalimu aliyemkataza, alisimama tu utotoni kando ya baba, akautazama mdomo wake, akadhani ndivyo inavyofanywa. Lambert alijua siku zote, alikuwa hasikii kitu kutoka ubavuni kwake, na aliyewatetea watoto wa wilaya nzima aliogopa kumuuliza wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Sugden, jirani zetu akina Stansfield kwa pai na kwa kukesha nasi, na walimu wenzake wote. Hilary, mwanetu, hatuna tena cha kusoma, na humu hakuna atakayepita kukutegea sikio, ikitoka mbaya tutaipokea hivyo hivyo. Lambert, pumzika kwa amani, binti yako amesimama.