Mercyline Nabalayo, Karani Aliyetushinda kwa Mlolongo

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, komredi Mercyline Nabalayo, au Mama Nekoye kama tunavyomwita, anastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Ukombozi wa Wapangaji kwa miaka thelathini na mmoja. Kumi na minne ya mwisho amekuwa mwenyekiti wetu.

Alianza mwaka wa 1994 akiwa karani katika ofisi yetu ya mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi. Aliandika kumbukumbu za mikutano, akachemsha chai, akafagia. Sisi wakubwa kazi yetu ilikuwa kuhutubia. Komredi Gachanja aliahidi mapinduzi kabla ya Krismasi. Mimi Wainaina, ninayeandika haya, nilimpinga vikali, nikasema ni baada ya Pasaka. Mama Nekoye aliyaandika yote bila kucheka, na kwa hilo pekee anastahili nishani.

Lakini mwanachama akifiwa, awe wa Kawangware au wa Kambi Muru kule Kibera, yeye alikuwa matangani kila jioni mpaka siku ya mazishi. Aliosha vyombo na kuandika wasifu wa marehemu. Sisi tulituma rambirambi, tena kupitia kwake.

Mwaka wa 2011 mwenyekiti wa kwanza alifariki, nami na Gachanja tukaanza kupigania kiti. Kwa kuwa hatukuaminiana, tulikubaliana kura iwe ya mlolongo, kila mjumbe apange foleni nyuma ya amtakaye, ili wasaliti waonekane. Katiba ya chama ilidai wagombea watatu, basi tukamwomba karani ajaze nafasi. Mzee Omolo, fundi wa viatu, ndiye aliyetoka kwanza kwenye foleni yangu. "Wainaina, wewe ni mtu ya maneno," alisema. "Huyu mama alikaa na sisi tukizika kijana yangu." Wengine wakamfuata. Nyuma yangu walibaki saba.

Chini yake matawi manne yaliongezeka yakawa kumi na moja, na wapangaji wa Kianda, Kibera, walishinda kesi ya kupinga kufurushwa. Lakini Gachanja alihama na watu wake, mimi nikanuna, na waliompigia kura wakaanza kumwogopa kwa kuwa sasa ni mkubwa. Kwa miaka mingi alikula chakula cha mchana peke yake, mlango ukiwa wazi.

Mwaka wa 2014 mumewe, Mzee Murunga, alifariki. Majirani walikuja, na watu wa kanisa. Wa chama hakuja hata mmoja, kila kundi likidhani lingine litakwenda. Alikuwa ametupangia viti nje. Jioni ya nne akavirudisha alikoviazima. Mimi nilikuwa naishi dakika kumi kutoka pale, na sina kisingizio. Mwezi uliofuata nilifiwa na dada yangu, na wa kwanza kubisha mlangoni alikuwa yeye.

Mama Nekoye, chama kinakushukuru. Ufike nyumbani Bungoma salama, shamba likupe mavuno na magoti yakupe nafuu. Desemba nitakuja huko, na ukinifungulia, nitakupa pole ya Murunga.